Hajar na Hijr: irabu moja, hukumu mbili

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), Ahli zake na Masahaba wake wote.

Ndugu msomaji, juma hili safu yetu inayatazama maneno mawili yanayoandamana sana katika mafunzo ya Hija na Umra, na ambayo katika masikio ya wengi wetu ni kama neno moja. Maneno hayo ni Hajar na Hijr. Herufi zake ni zile zile tatu, na kinachoyatenganisha ni irabu tu. Lakini moja ni jiwe ambalo mwenye kutufu huanzia hapo, na la pili ni sehemu ambayo akikatiza ndani yake mzunguko wake una kasoro, bali kwa wanazuoni wengi hauhesabiwi kabisa. Asiyeyapambanua anaweza kupigana vikumbo kwa ajili ya jambo la sunna, kisha akaiharibu nguzo ya ibada yake pasina kujua.

Tuanze na matamshi. Kiarabu kina "h" mbili. Moja ni nzito, hutoka katikati ya koo, nayo huandikwa ح. Ya pili ni nyepesi, hutoka mwisho wa koo kwa upande wa kifua, nayo huandikwa ه. Wazee wetu waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliweza kuzitenga herufi hizo kwa kalamu. Sisi tunaoandika kwa herufi za Kirumi tunazo zote mbili ndani ya "h" moja, na hapo ndipo maneno yasiyo na nasaba yanapoonekana ndugu.

Kwa mfano, Hajar kwa maana ya jiwe huanza kwa ح. Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail (a.s), jina lake huanza kwa ه, tena sauti ya kwanza huvutwa. Jina hilo halitokani na jiwe. Vivyo hivyo Hijra, yaani kuhama, ambayo ndiyo iliyoipa jina kalenda yetu, ni kwa ه. Kwa hiyo mwaka wa Hijria na mahali paitwapo Hijr havina uhusiano wa asili, japokuwa katika daftari la mtoto wa madrasa vinaandikwa kwa kukaribiana mno.

Maneno yetu mawili yote yanaanza kwa ح. Hajar, kwa fat-ha mbili, ni jiwe. Wingi wake ni ahjaar au hijaara, na Qur'an inataja hijaara pale inapoeleza kuni za Moto (2:24), na pale inapozifananisha nyoyo zilizosusuwaa na mawe, kisha ikabainisha kuwa yamo mawe yanayobubujika mito (2:74). Ndugu zetu wenye jamaa Oman wanalijua neno hili kwa njia nyingine: ile safu ndefu ya majabali ya nchi hiyo, yenye kilele cha Jabal Shams kinachofikia takriban mita 3,000, huitwa Milima ya Al-Hajar, yaani milima ya mawe.

Hijr, kwa kasra kisha sukuni, ni kitu kilichozuiliwa au kuzungushiwa mpaka. Wataalamu wa lugha huyarudisha maneno haya kwenye asili moja yenye maana ya kuzuia, kwa kuwa jiwe ni gumu na huzuia, na kwa mawe watu hujenga kuta na kuweka mipaka. Kutokana na asili hiyo likapatikana neno hujra, yaani chumba, ambalo wingi wake ni jina la sura ya 49, Al-Hujuraat. Wanafunzi wa fiqhi nao wanaujua mlango wa hajr, unaohusu kumzuia mtoto, mwendawazimu au mfujaji asitumie mali mpaka hali yake itengemae. Washirikina wa Makkah walitenga wanyama na mazao fulani wakayaita hijr, yaani yaliyoharimishwa, na Qur'an ikalikemea jambo hilo (6:138). Kutoka asili hiyo hiyo, Qur'an inawataja watoto wa kufikia kuwa wako katika mapaja, yaani katika ulezi wa yule anayewalea (4:23). Na katika Surat Al-Fajr, akili yenyewe imeitwa hijr (89:5), kwa kuwa akili humzuia mwenye nayo asifanye yasiyofaa.

Baada ya kulijua hilo, twende kwenye Nyumba ya Allah.

Hajar: mahali pa kuanzia

Al-Hajar Al-Aswad, Jiwe Jeusi, limo katika pembe ya mashariki ya Al-Kaaba, karibu na mlango. Linaloonekana leo ni vipande kadhaa vilivyoshikanishwa ndani ya duara la fedha, kwani jiwe hilo limepitia misukosuko mingi katika historia. Mwaka 317 Hijria (930 Miladia) lilinyakuliwa na Makaramita na kupelekwa mashariki ya Bara Arabu, likarejeshwa baada ya takriban miaka 22. Waislamu waliohiji katika kipindi hicho waliizunguka Al-Kaaba bila ya jiwe hilo kuwepo. Hilo peke yake linatufundisha kuwa kinachozungukwa ni Nyumba, na jiwe ni alama ndani yake.

Kuhusu jiwe hili kuna mambo mawili yenye hukumu mbalimbali. La kwanza ni kuanzia hapo. Hili ni sharti katika madhehebu ya Imam Shafii (r.a), ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayafuata. Mtu akianza kutufu mbele ya jiwe, tuseme kwenye mlango, kipande kile hakihesabiwi mpaka alifikie jiwe, na hapo ndipo mzunguko wake wa kwanza unapoanza. Kwa kurahisisha, taa ya kijani imewekwa kwenye jengo la Msikiti kuelekea pembe hiyo, ili aliye mbali na Al-Kaaba aujue mstari.

La pili ni kulibusu au kuligusa. Hili ni sunna kwa mwenye wasaa. Mtume (s.a.w) alipata kutufu akiwa juu ya ngamia, akaigusa pembe hiyo kwa fimbo. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kuwa alimuusia Sayyidna Umar (r.a) kwamba yeye ni mtu mwenye nguvu, basi asisongamane na watu kwenye jiwe akawaudhi wanyonge: akipata nafasi aliguse, na asipopata alielekee na kuleta takbira. Sayyidna Umar mwenyewe, alipolibusu, alitamka hadharani kuwa anajua hilo ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba asingelibusu lau asingemwona Mtume akilibusu. Naye Bibi Aisha (r.a), kama ilivyo katika Sahihi Al-Bukhari, alikuwa akitufu kando, mbali na wanaume. Mwanamke mmoja alipomwita waende wakaliguse jiwe, alikataa.

Basi ikiwa Mama wa Waumini aliacha kusongamana, dada yetu aliyetoka Tanga, Mombasa au Bujumbura hana haja ya kuona Umra yake imepungua kwa kuwa hakulifikia jiwe. Wala kijana mwenye misuli hana udhuru wa kumkanyaga mzee ili apate busu. Kumuudhi Muislamu ni haramu, na kulibusu jiwe ni sunna. Haramu haitendwi kwa ajili ya kuipata sunna.

Hijr: ndani ya Nyumba, nje ya kuta

Hijr ni ile sehemu iliyozungukwa na ukuta mfupi wa nusu duara, upande wa kaskazini-magharibi wa Al-Kaaba, chini ya mfereji wa maji ya mvua uitwao Mizabu. Wapo wauitao ukuta huo Hatwim, na wengine hupaita mahali hapo Hijr Ismail. Mgeni anaweza kuudhani ni kizuizi tu cha kuongozea watu, na akaona njia iliyopo baina ya ukuta huo na Al-Kaaba ni ya mkato. Huo si mkato, kwani hapo mtu huwa amepita ndani ya Al-Kaaba badala ya kuizunguka.

Ilikuwaje sehemu ya Nyumba ikawa nje ya kuta zake? Mtume (s.a.w) alipokuwa na umri wa miaka 35, kabla ya kupewa utume, Maquraishi waliijenga upya Al-Kaaba. Wanahistoria wa Sira wanaeleza kuwa walikubaliana wasiingize katika ujenzi huo mali ya riba, ya uzinzi, wala iliyopatikana kwa kumdhulumu mtu. Mali safi ikawapungukia. Wakaifupisha Nyumba kwa upande mmoja kuliko misingi ya Nabii Ibrahim (a.s), na sehemu iliyobaki wakaizungushia ukuta ili ijulikane. Ndipo ikaitwa Hijr, kwa kuwa ni mahali palipowekewa mpaka.

Bibi Aisha (r.a) alimuuliza Mtume (s.a.w) kama ukuta ule ni sehemu ya Nyumba, naye akamjibu kuwa ni sehemu yake. Akauliza kwa nini basi hawakuuingiza ndani, akajibiwa kuwa watu wake walipungukiwa na gharama. Akauliza pia kwa nini mlango umeinuliwa juu, akajibiwa kuwa walifanya hivyo ili wamwingize wamtakaye na kumzuia wamtakaye. Kisha Mtume akamweleza kuwa lau watu wake wasingekuwa karibu mno na zama za ujahili, angeirudisha Nyumba kwenye misingi yake. Hadithi hii ipo katika Bukhari na Muslim.

Mpwa wake, Abdullah bin Zubair (r.a), aliyeisikia habari hiyo kutoka kwake, alipata fursa ya kulitekeleza hilo. Al-Kaaba iliungua wakati Makkah ilipozingirwa mwaka 64 Hijria, naye akaijenga upya, akaiingiza sehemu ya Hijr ndani na kuiwekea milango miwili usawa wa ardhi. Alipouawa mwaka 73 Hijria, Hajjaj bin Yusuf, kwa amri ya Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, akaubomoa upande ule na kuurudisha kama ulivyokuwa wakati wa Maquraishi. Imenukuliwa kuwa baadaye mmoja wa makhalifa wa Bani Abbas alitaka kuijenga tena kama alivyoijenga Ibn Zubair, Imam Malik akamnasihi aache, ili Nyumba isije ikawa mchezo wa wafalme, kila mmoja akibomoa na kujenga apendavyo. Hali ikabaki hivyo hadi leo.

Sehemu ya Hijr iliyo ndani ya misingi ya Al-Kaaba inakadiriwa kuwa dhiraa sita au saba, kiasi cha mita tatu hivi kutoka ukutani, na iliyobaki imezidi. Hata hivyo Mtume (s.a.w) alitufu nje ya Hijr yote, naye ametuamrisha tuchukue ibada zetu za Hija kutoka kwake. Kwa hiyo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, Maliki na Hanbali wamesema kuwa mwenye kukatiza ndani ya Hijr mzunguko wake hauhesabiwi, na ni lazima aurudie. Wanazuoni wa Kihanafi wameona kuwa kutufu nje ya Hijr ni wajibu: aliyekatiza arudie maadamu yuko Makkah, na akiondoka bila kurudia atoe fidia ya kuchinja.

Uzito wa jambo hili ni mkubwa. Tawafu ya Ifadha ni nguzo ya Hija. Hujaji aliyeweka akiba miaka kumi, akauza kiwanja chake au akapelekwa na wanawe, akikatiza Hijr katika mizunguko yake na asizinduliwe, anarudi nyumbani na nguzo ya Hija yake ingali juu ya shingo yake. Na mara nyingi anayekatiza ni mchovu, mzee, au aliyeachwa nyuma na kundi lake akiwa anatafuta njia fupi ya kuwafikia wenzake. Viongozi wa misafara, mambo haya msiyaache yafundishwe kwa maneno tu. Mwonesheni mzee huyo ukuta ule kwa kidole kabla hajaanza, na mwambieni auweke upande wake wa kushoto kama anavyoiweka Al-Kaaba, wala asiuegemee kwa juu huku akitembea.

Upande wa pili wa habari hii ni wa bishara. Bibi Aisha (r.a) alitamani kuingia ndani ya Nyumba akaswali humo. Mtume (s.a.w) akamshika mkono, akamwingiza katika Hijr, na kumwambia aswali hapo atakapo kuingia katika Nyumba, kwa kuwa hapo ni sehemu yake. Imepokewa na Tirmidhi na Abu Daud. Mlango wa Al-Kaaba hufunguliwa kwa wachache. Hijr haina kufuli ya dhahabu wala haihitaji mwaliko wa serikali. Mkulima na mama wa nyumbani, wakipata nafasi kwa utaratibu wa Msikiti, wanaswali rakaa mbili za sunna humo wakiwa ndani ya Nyumba. Waliopungukiwa mali safi wakaacha kipande kile nje, Allah (s.w) akakifanya mlango wa wasio na cheo.

Tuongeze tanbihi moja. Jina "Hijr Ismail" limezoeleka, lakini katika Hadithi sahihi panaitwa Hijr tu, au ukuta. Riwaya zinazotajwa katika baadhi ya vitabu vya historia, kwamba Nabii Ismail na mama yake wamezikwa hapo, hazikuthibiti kutoka kwa Mtume (s.a.w). Asiende mtu pale kwa nia ya kuzuru kaburi.

Al-Hijr ya Thamud

Lipo Hijr la tatu, ambalo huwachanganya wasomaji wa Qur'an. Sura ya 15 inaitwa Al-Hijr, na wengi hudhani imeitwa hivyo kwa ile Hijr ya Makkah. Sivyo. Aya ya 80 hadi ya 84 zinawataja watu wa Al-Hijr, nao ni Thamud, kaumu ya Nabii Saleh (a.s). Nchi yao ipo kaskazini ya Madinah, karibu na mji wa Al-Ula, umbali wa kilomita zipatazo 300. Ni bonde lenye majabali ya mchanga mgumu yaliyosimama kama ngome, na kwa hiyo jina la mahali palipozuiliwa linapafaa. Waarabu hupaita pia Madain Saleh. Mwaka 2008 UNESCO ilipaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamehesabu humo makaburi makubwa 111 yaliyochongwa majabalini, nao wanayanasibisha na Wanabati, watu walioishi hapo karibu na zama za Nabii Isa (a.s), muda mrefu baada ya Thamud.

Thamud walichonga majabali wakajifanyia majumba ya amani, lakini ukelele uliwachukua asubuhi, na yale waliyoyachuma hayakuwafaa kitu. Mtume (s.a.w) alipita hapo mwaka wa 9 Hijria akienda Tabuk. Akawakataza Masahaba wasiingie kwenye makazi ya waliojidhulumu ila wakiwa wanalia, akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo. Waliokuwa wameteka maji katika visima vile wakaamrishwa wayamwage, na unga waliokwisha kuukanda kwa maji hayo wawape ngamia. Ruhusa ilikuwa kuteka katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Saleh.

Surat Al-Fajr, ambayo katika aya ya 5 inawahutubia wenye hijr, yaani akili, ndiyo hiyo hiyo ambayo katika aya ya 9 inawataja Thamud waliokata majabali bondeni. Walikuwa na ustadi wa mawe, wakakosa akili ya kuwazuia na uasi.

Kwa wazazi na walezi

Somo hili halihitaji kusubiri tikiti ya ndege. Watoto wakiwa wamekaa baada ya Magharibi, chora mraba kwenye karatasi. Katika pembe moja weka nukta nyeusi, mwambie mtoto hii ni Hajar, hapa tunaanzia na hapa tunamalizia. Upande mmoja chora nusu duara, mwambie hii ni Hijr, hii imo ndani ya Nyumba. Kisha mpe penseli azungushe mara saba, Al-Kaaba ikiwa kushoto kwake. Penseli ikipita baina ya mraba na nusu duara, mwambie aurudie mzunguko huo. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja ataweza kumwelekeza bibi yake siku bibi anapofunga mizigo ya safari.

Na mfundisheni kuyatamka maneno haya mawili kwa irabu zake: ha-jar, kisha hijr. Mwalimu wa madrasa anayemkazania mtoto atenganishe fat-ha na kasra, wakati mwingine tunamwona ni mkali bure. Kumbe anamwandalia ibada ya uzeeni.

Tunamwomba Allah (s.w) awakubalie Hija zao waliokwisha kwenda, awafungulie njia ya halali wanaotamani, na ayajaalie mapaja yetu yawe malezi mema kwa watoto wetu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.